Kilua kinapandika nyumbani, si lazima kichimbuliwe msituni

Ndugu Mhariri, salaam alekum.

Nimesoma ule ukurasa wenu wa bustani wa wiki iliyopita, pale mlipoandika ati mkilua ni mti wa mwituni haupandiki mjini, na anayetaka kilua, yaani ua lake, cha kutia kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, amtume mtu Kwale amchimbulie mche mkubwa aje nao. Hapo kwa kuchimbua ndo nikaona bora nishike simu niandike, manake la kwanza si kweli na la pili ni hatari, na gazeti lenu hapa Mombasa linasomwa kila kibaraza, kesho kutwa utasikia mtu kachukua jembe kapanda feri anaelekea msitu wa Shimba Hills.

Kwa wasioujua, hasa vijana ambao harufu wanaijua ya chupa tu, mkilua ni kichaka. Mara nyingi unampita mtu kimo kidogo, ukipata mahali pazuri na ukazeeka unakuwa mti mdogo. Majani ni ya kijani iliyokolea, maua yana ukijani unaoelekea njano, na harufu yake siwezi kuiandika hapa, anayeijua anaijua. Mama zetu na nyanya zetu wameitia kwenye vikuba pamoja na asmini, mrehani na mkadi tangu zamani, na nywele za bibi harusi zilikuwa hazikamiliki bila kilua. Kwa asili unamea pwani ya Kenya na Tanzania basi, kwengine duniani hauko. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kitaalamu mwaka 1970 aliuona hauna mwenzake wa kuwekwa naye, akaufungulia jenasi ya peke yake akaiita hivohivo tunavyoita sisi, Mkilua fragrans. Ukoo wake mkubwa lakini mnaujua vizuri, ni ukoo wa mstafeli, mtopetope na mlangilangi, na hili litatusaidia huko mbele.

Sasa kwa nini watu wanasema haupandiki? Wanaupanda juani, ndo sababu, na wala hakuna uchawi hapo. Mtu ameshazoea asmini inataka jua, bogenvilia inataka jua, waridi linataka jua, basi kichwani mwake kila ua ni jua, anauchukua mche wa watu anauweka katikati ya uwanja wa saruji saa saba za mchana mwezi wa pili, majani yanakunjika yanakuwa ya kahawia, alafu anasema mti una mashetani. Mkilua ni mtoto wa kivulini. Kule msituni juu kuna miti mikubwa, chini yake kuna miti ya kati, na vichaka ndo viko chini kabisa vinapata mwanga uliochujwa mara mbili tatu, tena mwanga wenyewe kidogo sana ukilinganisha na wa huku nje. Sisemi misitu yetu ina mvua kama ya Kongo, haina, Mombasa tunapata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka na nyingi zinakuja kwa mkupuo mwezi wa nne na wa tano, lakini mpangilio ni uleule, juu joto na upepo, chini baridi na unyevu. Hata kahawa, hii arabika ambayo wauza kahawa chungu wanatuzungushia nayo madele hapa mjini kila jioni, mwanzo wake ni kichaka cha chini ya miti kwenye misitu ya Uhabeshi, na mpaka leo kuna wakulima wanaipanda chini ya kivuli makusudi.

Kwa hivo kabla hujatafuta mche tafuta kivuli. Mwenye mwembe au mkwaju uani ameshamaliza nusu ya kazi. Asiye na mti atafute upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi mpaka saa tatu, saa nne hivi, baadaye nyumba yenyewe inatia kivuli. Ukuta wa magharibi uogope sana, ule unakula jua la alasiri na hata likizama ukuta unabaki unatoa joto mpaka usiku, mmea unaoka huku wewe umelala. Wengine wanatumia shedineti, ule wavu wa kivuli, ni sawa, lakini makuti yakifumwa kwa nafasi nafasi yanafanya kazi ileile kwa bei ndogo na hayararuki ovyo wakati wa upepo wa kusi. Mche ukiwa mchanga kivuli kiwe kizito, ukishakomaa unaweza kuupunguzia kidogo kidogo ili utoe maua, manake kwenye giza kabisa utaishi lakini maua utayahesabu kwa vidole.

Mche wenyewe unatoka kwa mbegu. Hapa nawaomba watu wasikie vizuri. Mbegu za miti ya misitu ya unyevu nyingi hazipendi kukauka, si kama kunde au mchicha unaanika juani unaweka kwa chupa mpaka mwakani. Muombe mwenye mkilua uani kwake, bado wako, Mji wa Kale wapo na huko Lamu pia, akuwekee matunda yakiiva, yanatoka kwenye kikonyo kimoja yakiwa kichala. Ondoa nyama ya nje, suuza mbegu, zipande siku hizohizo au kesho yake. Usizianike. Usizikaange na jua ati ziamke. Alafu subiri, na kusubiri kwenyewe ni kwa wiki nyingi, pengine miezi, huu ukoo wa mstafeli una usingizi mzito na watu wengi humwaga udongo wakidhani mbegu zimekufa kumbe ndo kwanza zinajigeuza. Chombo kiwe kirefu kwenda chini kuliko upana, sababu mzizi wa kwanza unashuka moja kwa moja na ukigonga sakafu unajikunja na mti haukai sawa tena maisha yake yote. Tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 watu wameanza kutumia pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, mikebe ya rangi iliyosuguliwa ikatakata, hata chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo, zote sawa ilmradi maji yanapita.

Kuna watu watakata tawi wachomeke chini kama wanavyofanya na asmini. Mimi nasema mbegu.

Basi tuje kwa udongo, na hapa ndo Mombasa yenyewe inatutesa kuliko jua. Sisi tunakaa juu ya matumbawe. Chimba futi moja tu mitaa mingi ya kisiwani, jembe litalia kwa mwamba, na mwamba huo ni chokaa. Chokaa ikizidi ardhini madini ya chuma yanafungika, yapo lakini mzizi hauwezi kuyachukua, na dalili yake utaiona kwa majani machanga, jani linakuwa manjano lakini mishipa yake inabaki kijani. Ukiona hivo usikimbilie duka la mbolea, na tafadhali usimwage jivu, najua kuna wanaoamini jivu ni dawa ya kila kitu bustanini lakini jivu nalo linaongeza ukali uleule wa chokaa, unamuongezea mgonjwa ugonjwa. Vilevile kifusi. Fundi akimaliza kujenga anasukuma mabaki ya saruji pembeni ya ukuta, juu anatandaza mchanga mzuri, mwenye nyumba anapanda maua hapohapo alafu anashangaa.

Dawa ni kuinua. Usishindane na mwamba, tengeneza tuta lako juu yake, futi moja na nusu au mbili, lizungushie mawe au vipande vya mnazi, ujaze udongo mwekundu, ule wa kutoka bara ya Kilifi au Kwale unaoletwa na malori, uchanganye na mboji nyingi sana. Nikisema nyingi namaanisha karibu nusu kwa nusu. Mboji haiuzwi ghali na ukitaka haiuzwi kabisa, si majani ya mwembe na mkungu yanafagiliwa kila asubuhi na kuchomwa moto mpaka mtaa mzima unakohoa? Yale yarundike pembeni yanyunyizie maji, baada ya miezi kadhaa yamekuwa meusi yananukia mvua. Samadi ya mbuzi iliyokaa pia ni nzuri ila iwe imekaa kweli, mbichi inaunguza mizizi. Na unga wa makumbi ya nazi unasaidia kushika maji, lakini uloweke na kuusuuza kwanza kwa maji matamu manake makumbi yana chumvi zake.

Mtu akiniambia juu ya matumbawe hakuoti kitu namwambia aende Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu mweupe, mtaalamu wa kilimo Rene Haller alianza kazi pale 1971 kwa kupanda mivinje sababu ilivumilia chumvi na ukame, majani ya mivinje yakawa yanaanguka na hayaozi, akaleta majongoo wekundu yakawa yanayala na kuyageuza mboji, taratibu udongo ukapatikana na leo ni msitu, ndo hiyo Haller Park tunayopeleka watoto sikukuu. Kwa hivo ukiona jongoo kwenye tuta lako la mkilua usilipige kandambili, yuko kazini. Na juu ya tuta tandaza majani makavu unene wa kiganja muda wote, yasiguse shina tu. Msituni hakuna mtu anafagia.

Maji nayo ni kesi. Ukurasa wenu ulisema mwagilia asubuhi na jioni. Maji gani, Mhariri? Visima vingi vya hapa mjini vina chumvichumvi, mtu unaoga sabuni haitoi povu, sasa hayo ndo unayapa mti wa msituni mara mbili kwa siku? Chumvi inajikusanya, utaona majani yanaungua kwenye kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Ya bomba ni mazuri zaidi yakija, na yakija sote tunajua ni saa nane za usiku. Mvua ya masika kinga kwa pipa, ifunike vizuri mbu wasizaliane. Na kuna maji watu wanayaacha yanadondoka tu barabarani, ya eisii, ile mashine ya kupoza hewa. Yale yametoka hewani hayana chumvi hata kidogo, weka ndoo chini ya ule mpira, kwa joto la Mombasa eisii moja ikifanya kazi kutwa inakupa ndoo nzuri tu. Kumwagilia kwenyewe usifuate saa, ingiza kidole kwenye udongo, ukiwa na unyevu acha, ukiwa umekauka juu tia maji mengi mpaka yashuke chini kabisa. Kidogo kidogo kila siku kunafanya mizizi ikae juu juu, siku moja ukisafiri ukirudi umeshafiwa.

Wakati wa kuutoa kwenye mkebe na kuupanda tutani ni masika yakianza, mwezi wa nne, manake unapata mvua, mawingu, na miezi ya baridi ya kusi ya kushika mizizi kabla kaskazi haijaja na ule ukavu wa Januari mpaka Machi. Ila kusi yenyewe ina upepo wa bahari na upepo una chumvi, walio karibu na ufuo, Nyali, Shanzu, Likoni, lazima waweke kitu cha kukinga, ua wa michongoma au ukuta au hata mgomba tu. Sisi wa katikati ya mji nyumba zimetukinga zenyewe, na hewa yetu ina unyevu wa bure mwaka mzima, kitu ambacho mtu wa Nairobi angelazimika kununua mashine.

Wadudu sina mengi. Utaona vitu vyeupe kama pamba chini ya majani na kwenye maungio, ni vidung'ata, na kama kuna sisimizi wanapanda na kushuka jua hao ndo wanaowalinda kwa ajili ya utamu wanaotoa. Sabuni ya kipande iyeyushe kwa maji, pakaza kwa kitambaa jioni, rudia wiki ijayo. Majani ya mwarobaini yaliyolowekwa nayo yanafaa.

Wanauliza sana kuhusu maua: yanakuja lini? Kichaka cha kutoka kwa mbegu ni miaka, si miezi, anayetaka ya haraka apande asmini tu aachane na sisi. Usikate matawi ovyo kukipendezesha umbo kama ua wa hoteli, ukikata sana unakata na maua. Na yakija maua bila matunda usilie, maua ya ukoo huu kwa kawaida yanakuwa ya kike kwanza alafu baadaye ndo yanatoa unga wa kiume, na wanaoubeba ni vijidudu vidogo aina ya vifukusi vinavyofuata harufu, mjini hivo huenda havipo karibu yako. Wanaopanda mitopetope huwa wanachukua brashi ndogo ya rangi, wanakusanya unga kwenye ua lililokomaa wanapaka lile linaloanza kufunguka, na kwa mkilua ni vizuri kujaribu hivohivo, sababu mbegu ndo zitakazompa jirani yako mche naye aache kuangalia msitu.

Na hili la msitu sitaki lipite juu juu. Mkilua mkubwa ukiuchimbua kwenye matumbawe ule mzizi wake unabaki chini, unachobeba ni fimbo yenye majani, utakaa wiki mbili tatu unadanganya macho alafu unakufa, na kule umeacha shimo. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya msitu bila ruhusa ni kosa la kisheria, Shimba Hills ni hifadhi tangu 1968, na huko huko ndo kuna chemchemi za Marere ambazo zinaleta maji Mombasa hapa, sasa fikiria mtu anakwenda kuharibu jiko analopikiwa. Kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, ndo zaidi. Tangu 1992 zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa, 2008 UNESCO ikaingiza baadhi yake kwenye urithi wa dunia, lakini hata bila serikali na UNESCO wazee wa kaya wana miko yao, huingii ukakata hata kijiti, na ni kwa miko hiyo tu ndo vipande hivo vya msitu vimebaki tangu hapo. Tayari miarobaini, mti ambao asili yake ni Bara Hindi, inaingia kwenye misitu ya pwani inasonga miche ya wenyewe, nasi tena tuongeze majembe?

Ombi langu kwa wenye nasari za maua, wale wa barabara ya Malindi kuanzia Bamburi mpaka Mtwapa, tunawapenda na tunanunua kwao, lakini karibu kila nasari ni krotoni, iksora, mitende ya mapambo, vingi vimetoka ng'ambo. Tengeni pembe moja chini ya mwembe mpande mbegu za mkilua. Soko lipo, waulizeni akina mama wanaofunga vikuba pale Marikiti, na mwezi wa harusi ukifika kilua kinatafutwa kwa tochi. Kaunti nayo ikipanda miti barabarani haina haja ya kuweka mkilua kwenye jua la barabara, lakini shule na misikiti yenye miti ya zamani uani ina kivuli cha bure, kimekaa tu.

La mwisho ni ile picha mliyoitoa pamoja na makala. Lile ni langilangi, Mhariri, tena hata halifanani, langilangi ni refu, petali zake zinaning'inia kama riboni zilizolowa, na kilua ni kifupi. Naomba mtoe picha sahihi toleo lijalo, na kama hamna mpiga picha wa kumtuma, aje Kuze jioni, mlango wa pili baada ya kwa muuza mahamri, aulize nyumba yenye mkilua, kila mtu atamuonyesha.

Wenu,
Mfunga Vikuba,
Kuze, Mombasa